Kikombe Kinachovuja cha Venel

Ukishuka kwenye makaburi yetu chini ya ukuta wa Velathri, ukachukua bakuli lolote jeusi la wafu wa miaka ile na kuligeuza, utaona kwenye kitako chake madoa ya udongo mtupu, matatu upande mmoja na moja upande wa pili. Ni alama za vidole. Hapo ndipo mchovyaji alipolishika akilitumbukiza kwenye uji wa udongo, na pale vidole vilipoziba, weusi haukushika. Madoa yakiwa madogo, yamekaribiana, na moja limepinda kidogo, basi hivyo ni vidole vya Ravnthu. Kidole chake kimoja kilibanwa na mlango wa banda akiwa mtoto na hakikunyooka tena. Nusu ya mji huu inakula na kunywa huko kuzimu kwa vyombo vyenye alama ya kidole kile, wakubwa kwa wadogo, na wengi wao walipokuwa hai hawakumsalimia hata mara moja.

Mimi nilimsalimia kila asubuhi kwa miaka ishirini na mitano. Jina langu ni Hasti, mke wa Aule, na Ravnthu alikuwa mke wa baba mdogo wa mume wangu, kwa hiyo nilimwita mama mdogo. Nimechoka kuwasikia vijana wa siku hizi wakimtaja kama yule bibi aliyemwibia marehemu. Aliiba, ndiyo. Nilikuwepo. Lakini anayetaka kulisema jambo lile na aliseme lote.

Nilipoolewa nilikuta karakana ya ndugu wawili. Laris, baba mkwe wangu, alikuwa mkubwa, mgane, mtu wa kazi na wa makelele, na hakuna mtu katika mji mzima aliyefinyanga bakuli jembamba kama yeye. Venel, mdogo wake, alichovya na kuchoma. Huyo alikuwa mtu wa mzaha. Hata akimpelekea mteja mitungi ya mazishi alikuwa akitafuta mahali pa kuchomeka kichekesho, na la ajabu ni kwamba wafiwa walicheka. Yeye na Ravnthu hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na kikombe.

Ndicho kitu cha kwanza Ravnthu alichokichovya alipoingia nyumba hii. Alikuwa anaogopa kukiangusha, kwa hiyo Venel alimshika mkono wakakitumbukiza pamoja, ndiyo maana kitako chake kilikuwa na gumba nene la mwanamume upande mmoja na vidole vyembamba vya mwanamke upande wa pili. Kilipotoka motoni, kijiwe kilichokuwa kimejificha ndani ya udongo kilikuwa kimepasuka na kuacha tundu chini, dogo la kupitisha sindano. Laris alikuwa ameshanyanyua mkono akitupe kwenye lundo la vigae, Venel akakidaka.

"Kinavuja hicho," Laris akamwambia.

"Na wewe unakoroma, kaka. Mbona sijakutupa?"

Tangu siku hiyo hakunywea divai chombo kingine. Alikishika kwa mkono wa kulia, kidole cha kati kikiziba tundu kwa chini, akanywa bila haraka. Ukimwona mtu sokoni ana kidole kimoja chekundu cha divai, huyo ndiye Venel. Jioni kazi ikiisha walikaa kwenye benchi la mlangoni, yeye na mkewe, na kikombe kikawa kinakwenda huku na kurudi huku. Kikipita mkononi, kidole cha mmoja kilitoka kwenye tundu na cha mwingine kikaingia, na sikumbuki hata siku moja tone likianguka. Mimi nilikuwa mgeni nyumbani na nilikuwa namkumbuka mama yangu. Nilijifanya naosha vyombo ili niwatazame. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo mbichi iliyochanganyika na ya kunde zinazochemka, ninawaona, na moyo unaniuma.

Lakini kikombe hicho hakikuwa cha kunywea tu. Nacho kilikuwa na kazi karakanani.

Asubuhi tanuri linawashwa milango yote ikiwa wazi, na kila kitu ndani yake kinakuwa chekundu. Mchana moto ukishafika pale unapotakiwa, unaziba matundu ya hewa, unatupa matawi mabichi ya mwaloni, moshi unajaa, na kila kitu kinageuka cheusi. Halafu unafungua tena. Hewa inaingia, udongo mtupu unarudi kwenye wekundu wake, lakini pale palipopakwa uji, weusi unabaki, unang'aa kama jicho la farasi. Kazi yote iko kwenye kujua ni lini ufungue. Ukiwahi, vyombo vinatoka na mabaka ya kutu. Ukichelewa, vinatoka kijivu, na hakuna mtu anayempa mama yake bakuli la kijivu aende nalo kaburini.

Venel akishaziba matundu alitundika kikombe chake kwenye kigingi, akakijaza maji, nacho kikaanza kudondosha ndani ya bakuli, to, to, to. Kikiisha anajaza tena. Mara saba. Tone la mwisho la mara ya saba likianguka, anapaza sauti, "Fungua!" na sisi sote tunakimbilia matundu. Laris alikuwa akimcheka kwamba anamwachia kikombe kazi halafu yeye anakaa. Venel hakukataa.

Mwaka wangu wa tatu pale, Venel aliteremka na nyumbu kupeleka vyombo pwani. Alirudi yeye mwenyewe amelazwa juu ya nyumbu, ana homa ile ya mabwawa ambayo sisi watu wa juu hatuiwezi. Siku ya tisa alikufa. Tulimchoma, na majivu yake tukayatia kwenye mtungi mweusi aliokuwa ameuchoma mwenyewe mwezi mmoja kabla, kwa ajili ya mtu mwingine.

Kwetu, mtu haendi bila kikombe chake. Kile alichokinywea akiwa hai kinachorwa kwa msumari alama ya kaburi, mkono wake wa kushikia unavunjwa, na kuanzia hapo ni chake peke yake, mdomo wa mtu aliye hai haukigusi tena. Na mke aliyeingia nyumba ile mwisho ndiye anayekibeba kikiwa kimejaa divai, kutoka mlangoni kwake hadi kaburini. Mke huyo alikuwa mimi. Ravnthu alikitoa ndani akiwa amekifunga kwa kitambaa, Laris akakichora, akakivunja mkono, huku machozi yanamtiririka hata sidhani kama aliona alichokuwa anakifanya. Divai ikamiminwa. Nikakipokea kwa viganja viwili.

Nikaanza kushuka mteremko na msafara nyuma yangu, nikisubiri divai ianze kunitiririka mikononi. Nilikuwa nimeshajiandaa, nilikuwa nimekunja mikono ya gauni. Nilipita lango. Nikapita shamba la mizeituni. Viganja vyangu vilikuwa vikavu. Nikakiinua kidogo, nikachungulia chini yake, na palikuwa peusi, pazima, bila tundu. Niligeuza kichwa nikamtazama Ravnthu. Alikuwa ananitazama mimi muda wote huo. Macho yale sitayasahau. Ningefungua mdomo wangu pale, wangempiga mawe mbele ya mtungi wa mumewe.

Nikaendelea kutembea.

Kesho yake alinikuta kwenye kisima.

"Umeona," akasema.

"Nimeona nini, mama mdogo?"

"Usinichezee, Hasti. Kipo kwenye pipa la kunde. Nitampelekea, naapa. Ninachotaka ni muda kidogo tu."

"Na yeye atanywea nini huko?"

"Nimemchovyea kingine. Kizuri, chepesi, hakivuji." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio akiwa bado amesimama. "Miaka kumi na minne kidole chake kimelowa. Mwache kipumzike."

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Nilimwonea huruma, na nilimwogopa marehemu, nikaona bora ninyamaze. Jioni, watu wakishaingia ndani, alikuwa akikitoa pipani na kunywa divai kidogo, peke yake, kidole kikiwa kwenye tundu.

Shida ilikuja na tanuri. Laris alisema hahitaji kikombe cha mtu, amechoma vyombo tangu Venel hajaota meno. Mara ya kwanza alipima muda kwa kulizunguka banda mara mia mbili. Vyombo vikatoka na mabaka kama mbuzi. Mara ya pili alitoboa kikombe kipya kwa msumari. Tundu likawa kubwa, maji yakakimbia, tukafungua mapema, na vyombo vikatoka vyekundu vyote. Tuliviponda vyote siku ile ile ili majirani wasivione, lakini majirani walisikia sauti ya kuponda. Laris akampeleka kondoo kwa msomaji wa maini. Yule mzee akaligeuzageuza ini, akasema kuna mfu wa nyumba yetu ananyimwa kitu chake.

"Ndugu yangu? Nimemnyima nini mimi?" Laris alirudi akiuliza kila mtu. "Nilimpa mtungi, nilimpa taa, nilimpa kikombe chake. Nimesahau nini? Ravnthu, shemeji, nikumbushe, nimesahau nini?"

Ravnthu alikuwa anachovya. Akalitumbukiza tena bakuli lile lile alilokwisha kulichovya.

"Hukusahau kitu, Laris."

Halafu ikaja kazi ya nyumba moja kubwa ya kule lango la juu. Bibi mwenye nyumba alikuwa anajifia polepole kwa raha zake, na alitaka kuchagua vyombo vyake mwenyewe. Aliletwa kwa machela mpaka mlangoni kwetu. Vipande themanini, vya karamu ya mazishi na vya kubaki naye ndani. "Nataka weusi wa kujionea uso," akasema. "Na mkinipa kijivu nitarudi." Laris akacheka pamoja naye, lakini bibi alipoondoka akakaa chini. "Vikiharibika hivi," akamwambia Aule, "tutafunga banda, na mimi nitakwenda kumkandia mtu mwingine udongo katika uzee wangu."

Tulilijaza tanuri. Asubuhi ya siku ya moto Ravnthu hakula. Alikuwa kwenye njia panda mbaya na mimi peke yangu nilijua. Akikaa kimya, nyumba inaanguka. Akisema, yeye ndiye yule aliyemnyima mfu chake, na ini lilikuwa limesema kweli.

Mchana Laris akaziba matundu. Matawi mabichi yakaingia. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kulizunguka banda akihesabu kwa sauti, moja, mbili, Ravnthu akatoka ndani na kikombe mkononi, kina mkono wake mzima, akaenda moja kwa moja kwenye kigingi cha mumewe akakitundika.

Laris akasimama.

"Shemeji, hicho ni nini?"

"Unakijua."

"Hicho kiko kwa ndugu yangu. Nilikivunja mkono mimi mwenyewe."

"Ulivunja kingine."

Aule alikuwa na tawi mkononi, likamwanguka. Laris akasogea, akakitazama kitako, lile gumba nene upande huu, vidole vyembamba upande ule, na uso wake ukabadilika rangi.

"Miezi saba," akasema, kwanza kwa sauti ya chini. Halafu akaja juu. "Miezi saba! Ndugu yangu ananywea kikombe cha nani huko?"

"Changu. Nilikichovya mimi."

"Mwizi wewe! Umemwibia maiti! Mumeo! Vanth, mpeleka wafu, atakapokujia na mwenge wake utamwambia nini?"

"Nitamwambia nilimpenda. Niite utakavyo, Laris, una haki. Lakini moshi umeshajaa humo ndani. Unanitukana, au unaleta maji?"

Nilidhani atakivunja. Alikuwa amekunja ngumi, na mshipa wa shingo umemsimama. Tulisimama pale watu wanne na moshi unafoka kwenye nyufa. Kisha Laris akageuka, akachukua jagi yeye mwenyewe, akajaza.

To, to, to.

Mara saba alijaza yeye, hakumruhusu mtu mwingine. Mara ya tano nilimwona anafuta pua kwa mgongo wa mkono. Tone la mwisho la mara ya saba lilipoanguka, alipaza sauti, "Fungua!" na naapa kwamba sauti ile ilikuwa ya Venel.

Tulifungua tanuri keshokutwa yake, lilipopoa. Laris alitoa bakuli la kwanza, akalipangusa kwa shati, akalitazama. Uso wake wote ulikuwa humo ndani, na ndevu zake. Akalia kwa sauti kama mtoto.

Lakini alikuwa Laris, na alipomaliza kulia akataka haki itendeke. Kikombe kiende leo hii kwa mwenyewe, akasema. Aule ndiye aliyemkumbusha kwamba jiwe la kaburi letu haliondolewi kwa ajili ya kikombe. Linaondolewa mtu anapoingia, basi. Hivyo ndivyo tulivyokuta na hivyo ndivyo tulivyo. Laris akamtazama Ravnthu.

"Basi utakipeleka mwenyewe."

"Nitakipeleka mwenyewe," akajibu.

"Leteni msumari."

Hapo ndipo Ravnthu aliposhtuka. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kufukuzwa, lakini hilo hakulifikiria. Laris alikipakata kikombe mapajani akakichora alama ya kaburi, taratibu, kwa mistari iliyonyooka. "Mkono sitauvunja, kitatundikwa na nini?" akasema. "Kazi kifanye, mwenyewe alikuwa mtu wa kazi. Ila kukinywea, hapana. Hiki ni cha Venel." Ravnthu alikuwa anautazama ule msumari, midomo yake imebana.

Kwa hiyo akaiokoa nyumba, na akapoteza funda lake la jioni. Watu hawalisemi hilo wanapomwita mwizi.

Kuanzia hapo tanuri likawa lake. Mwanamke wa kwanza kwenye matanuri ya upande huu wa mlima, na mwanzoni walimcheka, halafu wakaja kumwomba ushauri. Akawa mkali. Ukichovya ovyo alikupiga kwa mwiko. Mchuuzi wa Kiyunani aliyewahi kumwuliza mumewe yuko wapi ili wazungumze bei alijibiwa, "Ametundikwa pale, zungumza naye." Na jioni, kazi ikiisha, alikitoa kikombe kigingini, akakifuta, akakaa nacho kwenye benchi kikiwa kitupu, kidole chake kikiwa kwenye tundu. Hakuna hata siku moja aliyokinywea.

"Mama mdogo," nilimwambia jioni moja, "weka hata kidogo. Nani atakuona?"

"Laris haoni. Na Venel je?"

Laris alikufa miaka minane baadaye. Siku zake za mwisho alikuwa amelainika, na alimwita Ravnthu kitandani akamwambia, "Shemeji, jiwe litaondolewa kwa ajili yangu. Nipe nimpelekee." Watu wote tuliokuwepo tukamgeukia Ravnthu. Akasema, "Nilisema nitakipeleka mwenyewe." Laris akamtazama sana, akatabasamu, akasema, "Nyinyi wawili mlinisumbua." Mjini walisema mengi juu ya jambo hilo, kwamba kaburi lilikuwa wazi na bado alikataa. Mimi najua alikuwa anatimiza ahadi. Najua pia kwamba hakutaka kuachana nacho. Yote mawili ni kweli, na sioni kwa nini nichague.

Alinifundisha mimi. Aliniambia tanuri halitamsubiri mtu, akanishika mkono kama Venel alivyomshika yeye, tukachovya pamoja kikombe kimoja. Ninacho hadi leo, kina vidole vyangu na kile kidole chake kilichopinda. Halafu tukaanza kutoboa vikombe kwa sindano ya shaba na mchanga, tukivitundika kimoja kimoja kando ya kile cha Venel. Tundu likizidi unywele, umekiua. Tuliviua kumi. Cha kumi na moja kilikuwa kile chetu. Siku kiliposhika mwendo mmoja na mwenzake, tone kwa tone, mpaka mara ya saba, Ravnthu alikaa chini akasema, "Sasa naweza kufa." Nikamwambia asiongee upuuzi. Aliishi miaka mitatu zaidi kwa sababu ya ubishi tu.

Na katika miaka hiyo mitatu mimi nilifanya dhambi yangu. Tanuri halikuhitaji tena kikombe cha Venel, lakini mimi nilikihitaji. Nilikuwa nimekitazama tangu usichana wangu. Kile ndicho kilichokuwa benchi la mlangoni, na Venel, na Laris akipiga kelele, na mimi mwenyewe nikiwa na mikono laini nikijifanya naosha vyombo. Nilifinyanga kingine, nikakichovya kwa vidole vilivyobanwa ili vifanane na vyake, nikakitoboa. Nikakificha nyuma ya mitungi ya zeituni.

Ravnthu aliugua kifua majira ya baridi, ule upepo wa Velathri ukipiga mlango kutwa nzima. Adhuhuri moja akaniita.

"Utakibeba wewe."

"Mama mdogo, mimi si bibi harusi tena. Nina mvi."

"Kuna mke mwingine aliyeingia baada yako? Utakibeba wewe. Na kile cha nyuma ya zeituni kilete hapa."

Uso ulinishuka. Nikakileta. Alikigeuza, akavitazama vile vidole, akakiinua kwenye mwanga aone tundu.

"Kizuri," akasema. "Gumba umelikosea kidogo. Kivunje."

"Mama mdogo..."

"Kivunje, mwanangu. Miaka ishirini na miwili nimelala nikimwaza anakunywa kwa kitu kigeni, ananingoja. Nilipata nilichotaka na kilinikaba. Usinifanyie hivyo."

Nikakipiga kwenye jiwe la meko. Akavitazama vipande. "Lakini kilikuwa kizuri," akasema tena, na akalala. Alikufa siku ya pili yake.

Kwa hiyo nilikibeba. Mkono wa kikombe niliuvunja mwenyewe, na haikuwa rahisi. Aule alimimina divai mpaka ukingoni, nami nikakipokea kwa viganja viwili, kidole cha kati kikiwa kwenye tundu kama walivyofanya wao. Nilitembea hivyo hadi langoni. Hapo nikaondoa kidole.

Divai ikaanza kunitiririka, ya uvuguvugu, ikaingia kwenye kiganja, ikashuka kwenye kiwiko, ikadondoka kwenye vumbi njia nzima. Nilikuwa nalia na nilikuwa na furaha. Aule akanong'ona nyuma yangu, "Hasti! Unamwaga yote!" Nikamwambia aniache. Nilitaka Venel asikie tone kwa tone kwamba safari hii ni chenyewe.

Ndani ya kaburi kile cha uongo kilikuwepo bado kando ya mtungi wake, na duara la divai iliyokauka ndani yake. Hakikuwa kimevuja hata kidogo. Hatukukigusa, maana kilichochorwa hakirudi. Niliweka cha kweli upande wa pili wa mtungi, mtungi wa Ravnthu nikauweka karibu, na jiwe likarudishwa.

Hiyo ni miaka kumi iliyopita. Tanuri ninalichoma mimi, kwa kikombe changu kinachovuja, na jioni nakinywea kwenye benchi lile lile, kidole kwenye tundu. Binti yangu Ramtha ndiye mchovyaji sasa, mtu mzima mwenye watoto wawili. Mwezi uliopita nilimwambia, "Hiki kinakwenda na mimi, umesikia?" Akajibu, "Ndiyo, mama," upesi mno. Hakuinua hata macho.

Jana nilipita kwenye rafu ya kukaushia nikaona kikombe kimoja ambacho hakuna mteja aliyekiagiza. Nilikichukua. Ukubwa ule ule wa kikombe changu, mdomo ule ule, na mkono umekaa vizuri kuliko ningeuweka mimi. Nilikigeuza nikatazama chini, na palikuwa pazima, bila tundu. Ramtha alikuwa mlangoni, amesimama, mikono imejaa uji wa udongo. Nilifungua mdomo nimwambie akivunje. Sikusema. Upande mmoja ulikuwa umekauka kuliko mwingine, na hivyo ndivyo vinavyopata ufa, kwa hiyo nikakigeuza, nikakirudisha rafuni upande wake mbichi ukielekea kwenye upepo.